Tufungue Mizigo

Somo: Yeremia 29:1-14



Mchungaji ametuomba tuandike mafundisho ya mwezi huu kwa ajili ya jamaa waliohamia karibuni katika mji wetu wa Dodoma. Tulisita, maana sisi si wahubiri. Mmoja wetu ni karani serikalini, na mwenzake ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulimwambia Mchungaji kwamba hatuna la kufundisha. Naye akatujibu, "Basi andikeni yale mliyokosea." Katika hilo, ndugu zetu, tunayo mahubiri ya kutosha.

BARUA ILIYOKWENDA BABELI

Twasoma katika sura hii kwamba nabii Yeremia, akiwa Yerusalemu, aliandika barua kwa Wayahudi waliokuwa Babeli. Barua hiyo ilichukuliwa na watu wawili, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Waliopelekewa walikuwa wale ambao mfalme Nebukadreza aliwahamisha kwa nguvu pamoja na mfalme Yekonia, katika mwaka wa 597 kabla ya Kristo. Tena twaambiwa walikuwa watu wa namna gani: walikuwamo wakuu, mafundi na wahunzi. Hawakuwa wavivu. Walikuwa watu wenye ujuzi na kazi zao.

Je, watu hawa walitaka kusikia nini kutoka nyumbani? Walitaka kusikia jambo moja tu, yaani siku ya kurudi. Na alikuwako mtu wa kuwaambia. Ukisoma sura ya 28 utamkuta nabii Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya watu wote akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili mambo yote yangekwisha, na vyombo na watu wangerudi. Bila shaka maneno hayo yalipokelewa vizuri. Nani asiyependa kusikia miaka miwili?

Ndipo ikafika barua ya Yeremia. Haikusema miaka miwili bali sabini. Iliwaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, wapate watoto na wajukuu. Kisha likaja neno gumu kuliko yote: wautakie amani mji ule, na kuuombea kwa Bwana, kwa kuwa mji ukiwa na amani, nao watakuwa na amani. Babeli yenyewe! Mji wa adui! Si ajabu kwamba mtu mmoja aliyeitwa Shemaya aliandika barua ya kujibu, akitaka Yeremia akamatwe na kutiwa mkatale kwa kuandika maneno hayo.

Sisi hatukuletwa Dodoma kwa minyororo. Tulikuja kwa lori la mizigo, na mshahara ukitufuata nyuma. Hata hivyo tuliposoma barua hii tulijiona ndani yake.

MIAKA MIWILI TU

Habari za mji wetu mnazijua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulifanywa mwaka 1973, na ilikusudiwa kazi hiyo imalizike katika miaka kumi. Haikumalizika. Miaka ikapita zaidi ya arobaini, watu wakazoea kusema "makao makuu Dodoma" huku ofisi zao zikiwa Dar es Salaam. Kisha, mwezi wa Julai 2016, ikatangazwa kwamba sasa Serikali inahama kweli, na mwaka uliofuata barua yetu ya uhamisho ikafika. Tulihamia hapa mwezi wa Agosti 2017.

Wenzetu waliobaki walitupa pole kama watu waliofiwa. Wengine walitutia moyo kwa kusema, "Msihangaike. Mpango huu ulianza zamani na ukakwama. Utakwama tena. Ni miaka miwili tu, mtarudi." Neno hilo lilitupendeza sana. Hatukujua wakati ule kwamba Hanania naye alitaja hesabu hiyo hiyo.

Basi tulipofika tukapanga nyumba huko Nzuguni, upande wa mashariki wa mji. Tulikuja na maboksi kumi na saba. Tulifungua saba. Yale kumi tuliyapanga ukutani katika chumba cha watoto, tukayafunika shuka. Ndani yake mlikuwa na vyombo vizuri, vitabu, mapazia, na picha ya arusi yetu ikiwa imeviringishwa katika kanga. Tulisema, "Ya nini kufungua, halafu tufunge tena?"

Agosti ni mwezi wa upepo hapa. Mtu aliyetoka pwani hajui vumbi hili. Tulifagia asubuhi, na saa sita mchana tukaweza kuandika majina yetu juu ya meza kwa kidole. Mwezi wa Juni ulipofika tukajifunza habari ya baridi, kwa maana watoto wetu hawakuwa na hata sweta moja. Maji ya bomba yalikuja kwa zamu, mara nyingi usiku wa manane, tukawa tunaamka kwa sauti ya hewa ndani ya bomba na kukimbia na ndoo kama watu wa zimamoto.

Siku ya kwanza kwenda soko la Majengo tulimkuta mama mmoja ameketi na mafungu ya mlenda mkavu. Tukamwuliza bei. Yeye akatutazama kwa upole akasema, "Mbukwenyi." Tukajibu, "Hapana, mama, hizo hatutaki, tunataka huu mlenda." Wauzaji wote wa upande ule wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kijana mmoja akatueleza kwamba mama alikuwa anatusalimu kwa Kigogo, na kwamba hapa watu husalimiana kwanza, bei baadaye. Tuliona aibu, lakini mama yule alituongezea fungu moja bure.

Jambo jingine lilitokea usiku mmoja ambapo umeme ulikatika. Mmoja wetu alikuwa amechelewa kazini. Wakati ule njia za mtaa wetu hazikuwa na majina, na nyumba nyingi mpya zilifanana kwa bati na kwa geti. Akafika, akagonga, akafunguliwa na mtu asiyemjua. Kumbe amekosea nyumba, amepita njia mbili zaidi! Akaanza kuomba radhi. Mwenye nyumba, mzee wa makamo, akamwambia, "Mgeni hafukuzwi kwa kosa la giza." Akamketisha, akampa chai na karanga, kisha akamtanguliza kwa tochi mpaka kwetu. Tulicheka sana usiku ule. Hatukufikiri zaidi.

JIRANI YETU

Karibu na nyumba yetu palikuwa na boma la wenyeji waliokuwako kabla ya viwanja kupimwa. Aliishi hapo bibi mmoja mjane pamoja na mwanawe, mkwewe na wajukuu. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na mashina machache ya mizabibu, ambayo aliitunza kwa mikono yake. Wiki ya pili tangu tufike alikuja na vipande vitatu vya mzabibu vimefungwa katika gunia bichi. Akasema, "Wanangu, pandeni. Ukiutunza, hapa huzaa mara mbili kwa mwaka." Tukamshukuru. Tukaviweka ndani ya ndoo yenye maji kidogo, nyuma ya jiko. Tulijua kwamba mzabibu hautaki haraka, na sisi tulikuwa watu wa miaka miwili. Vikakauka ndani ya ndoo. Bibi alikuja mara nyingine akaviona, lakini hakusema neno.

Mara mbili kwa mwezi, na pengine mara tatu, tulirudi Dar es Salaam. Ijumaa mchana tulipanda basi na watoto, tukasafiri kilomita 450 hivi, tukafika usiku. Jumapili baada ya ibada tukapanda basi tena. Gari letu dogo kuukuu tuliliacha hapa uani, geti likiwa limefungwa kwa kufuli, kwa kuwa lisingeweza safari ile. Fedha zilikwisha njiani, na watoto walisinzia darasani kila Jumatatu. Lakini tulisema kwamba kule ndiko nyumbani, na kule ndiko kanisani kwetu.

Hapa yafaa tuungame jambo la kanisa. Padri wetu wa Dar es Salaam alikuwa ametuandikia barua ya kututambulisha kwa kanisa la hapa. Barua hiyo ilikaa ndani ya droo miezi kumi na minne. Sababu tuliyojipa ilikuwa ibada. Sisi tumelelewa katika desturi za pwani, zilizoletwa na wamisionari wa UMCA walioweka makao yao Unguja mwaka 1864. Tumezoea kuita Misa, kusikia kengele na kunusa ubani. Kanisa la hapa lilitokana na kazi ya CMS, iliyoanza Mpwapwa katika miaka ya 1870, na tangu 1927 limekuwa Dayosisi ya Central Tanganyika, ambayo askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Hapa tulikuta Meza ya Bwana bila ubani, kwaya nyingi, na watu wanaosimama kushuhudia.

Jumapili yetu ya kwanza hapa tulipiga ishara ya msalaba kama tulivyozoea. Mtoto aliyekaa karibu nasi akamwuliza mama yake kwa sauti iliyosikika hata mbele, "Mama, hawa wanafukuza nzi?" Mama yake akaona haya kuliko sisi. Baada ya ibada watu walitusalimu kwa furaha, na mzee wa kanisa akatuuliza tunakaa wapi ili watutembelee. Tukamjibu kwamba sisi tunapita tu. Tukawa tunasema moyoni kwamba hili si kanisa letu, hali tangu 1970 sisi sote ni Jimbo moja la Tanzania, tunakiri imani moja na kula mkate mmoja. Tulifanya ubani kuwa ukuta.

IJUMAA ILE

Mwezi wa Oktoba 2018, mji wetu ulipokuwa umekwisha kufanywa jiji tangu Aprili 26 ya mwaka ule, tuliondoka tena siku ya Ijumaa. Tulirudi Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi tukaona watu wameketi chini ya mti bomani kwa bibi, nao walikuwa kimya.

Mkwewe alikuwa na mimba, tukijua. Usiku wa Ijumaa uchungu ulimjia kabla ya wakati. Mwanawe bibi alikuwa amekwenda kwenye kibarua mbali. Gari pekee katika majirani wa karibu lilikuwa letu. Wakaja getini kwetu wakapiga hodi. Wakapiga tena. Waliliona gari kwa nafasi ya geti. Walifikiri labda tumelala, wakaendelea kupiga hodi muda mrefu. Kisha mjukuu mmoja akatumwa mpaka barabarani kutafuta pikipiki, na ikapatikana baada ya muda mwingi. Mama alifika hospitali akiwa hai, naye yu hai hata leo, ashukuriwe Mungu. Lakini mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Hatusemi kwamba tungekuwapo mtoto angepona. Hatujui, na hakuna aliyetuambia hivyo. Tunalolijua ni moja. Tulipokwenda kutoa pole, bibi alitushika mikono akasema bila hasira hata kidogo, "Tulipiga hodi, wanangu. Hamkuwepo."

Lau angetulaumu, ingekuwa nafuu. Tulirudi nyumbani tukaketi katika chumba cha watoto mbele ya maboksi yale kumi. Mmoja wetu akakumbuka usiku ule wa giza, jinsi alivyogonga nyumba ambayo si yake, akafunguliwa, akapewa chai. Bibi aligonga nyumba iliyo sawa, ya jirani yake mwenyewe, akakuta kufuli. Tulilia. Tukafungua Biblia kutafuta faraja, na masomo ya siku zile yalikuwa katika kitabu cha Yeremia. Hatukupata faraja upesi. Tulipata barua hii.

MAMBO MATATU TULIYOJIFUNZA

Kwanza, Mungu ndiye aliyewapeleka. Angalieni mstari wa 4. Watu waliona mkono wa Nebukadreza, lakini Bwana anasema ya kuwa ni yeye aliyewahamisha. Sisi tulisema, "Tumeletwa na barua ya uhamisho." Ndiyo, lakini hatukuuliza kama yuko Mwingine aliyetia saini juu ya ile saini. Mtu anayedhani ameletwa na ofisi tu, atahesabu siku. Mtu anayejua ametumwa na Bwana atauliza, "Bwana, hapa wataka nifanye nini?" Swali hilo hatukuliuliza kwa miezi kumi na minne.

Pili, kutulia ni sehemu ya kumpenda jirani. Tulidhani maboksi ni mambo yetu wenyewe. Nani anadhurika ikiwa mapazia yako yamo ndani ya boksi? Lakini moyo uliofungwa pamoja na mapazia hauwezi kumwona mtu wa jirani. Tulijua mkwewe bibi ana mimba. Hatukumwuliza hata mara moja siku zake zikoje. Hatukuacha namba ya simu, wala ufunguo kwa mtu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikataa jembe mwaka mzima na zaidi. Tena Bwana hakusema, "Utakieni mji amani," halafu akanyamaza. Aliagiza nyumba na bustani kwanza. Maana ni vigumu kuuombea kwa moyo mji ambao hujapanda ndani yake hata mchicha.

Tatu, kutulia si kusahau nyumbani kwetu kwa milele. Hapa mtu aweza kutuuliza, "Je, Waraka kwa Waebrania haufundishi ya kuwa duniani hatuna mji wa kudumu?" Ndivyo unavyofundisha, katika sura ya 13. Nasi tulilitumia neno hilo kujitetea. Lakini mtazameni Ibrahimu, ambaye waraka huo huo unamsifu kwa kukaa katika hema kama mgeni. Mgeni huyo alichimba visima. Alipanda mti huko Beer-sheba. Mkewe alipokufa alinunua shamba na pango kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi, akalipa fedha taslimu. Aliutazamia mji wa Mungu, na kwa sababu hiyo hakuwa na hofu ya kutia mizizi katika nchi ya ugeni. Asiye na tumaini la mbinguni ndiye anayeogopa kufungua mizigo, kwa kuwa adhani kila atakachokipanda atakipoteza.

Na ile ahadi ya mstari wa 11, ambayo wengi wetu tumeiandika katika kadi na kuitundika ukutani, kwamba Bwana anawawazia watu wake mema na kuwapa tumaini: msisahau kwamba ilitolewa kwa watu walioambiwa miaka sabini. Wengi wa wale wazee waliosikia barua ikisomwa hawakurudi. Walizikwa Babeli. Tumaini lao lilikuwa kwa wajukuu waliokula matunda ya bustani ile.

TULIVYOFANYA

Jioni ile ile tulianza kufungua maboksi. Watoto walifurahi kuona vitabu vyao kama vile vimetoka dukani. Picha ya arusi ilikuwa imepasuka kioo, tukaitundika hivyo hivyo. Jumapili iliyofuata tuliitoa ile barua kwenye droo tukampa Mchungaji mkononi. Aliitazama tarehe, akatutazama, akasema tu, "Karibuni nyumbani." Siku hizi mmoja wetu anaimba katika kwaya, na mwenzake yuko katika Umoja wa Akina Mama. Ishara ya msalaba tungali tukiipiga. Yule mtoto aliyeuliza habari za nzi amekuwa kijana, naye alipokipata Kipaimara alitueleza kwamba sasa anaelewa.

Tulikwenda kwa bibi kuomba msamaha, si kutoa pole tu. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na vipande vitatu vya mzabibu. Safari hii tulichimba mashimo mbele ya macho yake. Viwili vilikufa. Kimoja kilishika, na baada ya kungoja sana kikazaa kichala kimoja kidogo cha zabibu chachu, tukaila kwa furaha kubwa. Bibi pia ndiye aliyetufundisha kupika mlenda na kusonga ugali wa uwele, ingawa bado husema ugali wetu ni wa watu wa pwani.

Tulimpa namba zetu za simu, na ufunguo wa akiba wa geti tukamwachia mwanawe, ambaye ana leseni ya udereva. Baada ya majuma machache tulisikia hodi usiku. Tulitoka mbio, mmoja ameshika ufunguo wa gari, mwingine hana hata kiatu. Alikuwa mjukuu wa bibi. Alitumwa kuomba kiberiti. Tulimpa viwili, tukashindwa kulala kwa shukrani.

KWENU WAPENDWA

Ndugu uliyehamia hapa, hatukuhukumu kwa kusafiri. Wako ambao wake au waume zao wanafanya kazi kule, au wana wazazi wagonjwa wa kuwauguza. Nendeni, Bwana awalinde njiani. Lakini wako wanaosafiri kwa sababu tu hawataki kufika. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutufikisha Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi. Ni neema kubwa, nasi twaipanda. Tena ni jaribu kubwa, kwa kuwa safari fupi hurahisisha kuishi miji miwili bila kukaa hata mmoja. Basi jiulizeni: Je, nyumbani mwenu mna boksi ambalo halijafunguliwa tangu mfike? Je, mnalijua jina la jirani wa kushoto na wa kulia? Je, barua yenu kwa Mchungaji iko wapi? Na mtu akipiga hodi usiku wa leo, atamkuta nani?

Nanyi wenyeji, tunawaomba msichoke nasi. Mzidi kutusalimu kabla ya bei. Mzidi kutuletea vipande vya mzabibu, hata kama vya kwanza tuliviacha vikauke. Mwaona kwamba mzee yule aliyefungua mlango gizani, na mama wa sokoni aliyetuongezea fungu, na bibi wetu, wote walitangulia kutii barua ya Yeremia kabla yetu. Wao walitutakia amani sisi wageni tulipokuwa hatujawatakia wao neno lolote.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyewapeleka watu wako katika nchi ya ugeni wala usiwaache, utusamehe sisi tuliokaa katika mji huu kama watu waliosimama kituoni wakingoja basi. Utufungue mioyo pamoja na mizigo yetu. Ubariki mji wa Dodoma, mvua yake na visima vyake, wenyeji wake na wageni wake, watawala na wachuuzi, wanaozaliwa na wanaouguliwa. Wafariji akina mama waliorudi kutoka hospitali mikono mitupu. Utujalie tuwepo jirani anapopiga hodi, na siku ile tutakapopiga hodi kwako utufungulie, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.